Jibu Nililombadilishia Sajini Mgaza

Vijana wa Kwamndolwa, mnaniuliza wakubwa wa jeshi wanatafuta nini kwa mtu anayetaka kusomea uofisa. Mnaniuliza mimi kwa sababu mmesikia niliwahi kukaa chumba kimoja na waliokuwa wakichagua. Ni kweli nilikaa. Lakini mimi sikuwa askari hata siku moja. Bunduki nimeishika mara moja tu maishani, na ilikuwa ya kufukuzia ngedere. Nilikuwa mkalimani wa boma la Handeni, enzi ya Mwingereza, na kazi yangu ilikuwa kuyapokea maneno kwa huyu na kuyafikisha kwa yule. Nitawaeleza nilichokiona, na mtanivumilia nikirukaruka, maana habari hii hata leo naisimulia kwa shida.

Kazi nilifundishwa na Mzee Rajabu, mkalimani wa mahakama ya Handeni kabla yangu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kikohozi. Alinifundisha mambo ambayo sijayaona yameandikwa popote. Ukitafsiri, alisema, sema "mimi" pale mwenyewe aliposema "mimi", usiseme "huyu anasema kwamba". Mtu akitukana, tukana. Akigugumiza, usimnyooshee. Usitazame uso wa mzungu wakati Mzigua anaongea, maana uso ule utakuambia neno gani linapendwa, na ulimi wako utaanza kulitafuta. Hilo la mwisho alinirudia mara nyingi, kana kwamba aliiona siku yangu ikija.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekwa tu. Bwana shamba alikwenda Sindeni, nyumbani kwetu, kuwaambia watu wapande mahindi kwa mistari badala ya kutupa mbegu ovyo. Nikatafsiri kwamba kesho asubuhi kila mtu akapange mstari shambani. Kesho yake tukakuta kijiji kizima, wazee kwa akina mama, wamesimama foleni katika shamba la jumbe tangu jua halijachomoza, wanangoja kugawiwa kitu. Bwana shamba aliniuliza wanafanya nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba wanatii. Mzee Rajabu aliposikia alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nishukuru kwamba safari hii waliumia miguu tu.

Sasa hiyo bodi. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Jeshi la Mwingereza lilianza kuwatafuta Waafrika wa kuwapa mafunzo ya cheo cha efendi, cheo kilichokuwa juu ya sajini meja na chini kidogo ya maofisa wa kizungu. Bodi ilikuja kwa treni, ikakaa Korogwe, katika ghala la zamani la shamba moja la mkonge karibu na stesheni. Waombaji walitoka huku na huko, Tanga, Upare, Lushoto, Handeni. Wengine walikuwa askari wa miaka mingi, wengine walimu wa shule. Barua ikaja boma kwamba anatakiwa mkalimani wa kiraia, asiye wa kikosi chochote, ili waombaji wasimwogope. Bwana DC akanituma mimi.

Mkubwa wa bodi alikuwa kanali mmoja mwembamba, mgeni kabisa, hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Maofisa waliokijua walikuwa wawili. Mmoja homa ilimwangusha siku ya kwanza, akapelekwa hospitali. Wa pili, kapteni, alikuwa nje uwanjani akisimamia majaribio ya vitendo. Kwa hiyo ndani ya chumba cha mahojiano tulikuwa kanali, mwombaji na mimi. Kila neno lililokwenda au kurudi lilipita kinywani mwangu. Waombaji wengi hawakuwa na Kiingereza zaidi ya amri za gwaride, kwani Kiingereza chenyewe wangefundishwa mafunzoni.

Siku ya kwanza nilikuwa nje na kapteni, nikiwaelezea waombaji majaribio. Watu sita wanapewa maboriti matatu, kamba ya katani na pipa, wanaambiwa wavuke mtaro wote sita bila kugusa chini, na pipa livuke pia. Mimi nilidhani wanatafuta mwenye nguvu. Mwalimu mmoja alikuwa na sauti kama tarumbeta, akatoa amri nane kwa dakika moja, na watu wakaishia kushikilia boriti moja kila mmoja akivuta kwake. Kapteni hakuandika kitu kuhusu nguvu. Alinieleza baadaye kwamba anatazama nani anasikiliza mwenzake mwenye wazo zuri, nani anabaki mtulivu boriti linapoanguka, na nani anamkumbuka yule wa mwisho aliyebaki ng'ambo. Kuna mwingine aliitikia "ndiyo, afande" kwa kila kitu. Kesho yake kanali alipomuuliza jina la mama yake akasema "ndiyo, afande". Nililitafsiri hivyo hivyo, kama nilivyofundishwa.

Aliyefanya vizuri kuliko wote uwanjani alikuwa Sajini Mgaza. Huyu alikuwa Mzigua wa Sindeni kama mimi, mtu wa maneno machache, aliyepigana Bama, kule Asia, wakati wa vita vya pili vya dunia akiwa koplo. Na huyu Mgaza alikuwa mume wa dada yangu Zaina. Asubuhi ile ya kwanza nilipaswa kumwambia kanali kwamba mmoja wa waombaji ni shemeji yangu. Sikusema. Nilijiambia hajaniuliza.

Kabla sijatoka Handeni dada alikuwa ameniita jikoni kwake. Aliniambia mumewe hali chakula vizuri tangu barua ije, na kwamba akikataliwa safari hii hataomba tena. Hakuniomba nifanye kitu. Alisema tu, "Athumani, wewe utakuwepo." Maneno hayo matatu niliondoka nayo mpaka Korogwe, na usingizi ukawa wa vipande vipande.

Siku ya pili asubuhi yakaanza mahojiano. Nilikuwa nimeshawatafsiria sita kabla yake, nikimngoja yeye. Mgaza akaingia, akapiga saluti, akaambiwa akae. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Askari wako watatu wana malengelenge miguuni na safari bado ni ndefu, utafanya nini? Mgaza alijibu kwamba angekuwa ameikagua miguu kabla ya safari. Nikaona kanali anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo nilipoanza kuutazama uso wake, kile nilichokatazwa.

Kanali akafunua faili, akaweka kidole kwenye karatasi, akauliza, "Umewahi kukataa amri ya mkubwa wako?"

Nikatafsiri. Mgaza akasema, taratibu, kwa Kiswahili kile chetu cha bara:

"Ndiyo, bwana. Mara moja, Bama. Niliamriwa nivushe askari wangu mto, jioni, na mto ulikuwa umejaa unabeba magogo. Nikakataa mpaka kulipokucha na maji yakapungua. Nilishtakiwa, nikavuliwa tepe. Tulivuka wote kumi na mmoja."

Nilijua, au nilidhani najua, kwamba jeshi ni kutii na hakuna kingine. Nikamwona dada jikoni kwake. Nikaona jina la Mgaza linapigwa mstari. Haya yote yalipita kwa muda wa mtu kumeza mate, na kinywa changu kikafunguka, nikamwambia kanali kwa Kiingereza, "Hapana, bwana. Sijawahi. Kwangu amri ni amri."

Kanali aliinua macho. Akatutazama sote wawili, akaniambia, "Muulize kama ana hakika."

Nikamgeukia Mgaza. Sauti yangu niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine. "Bwana kanali anauliza, una hakika?"

"Nina hakika kabisa," akasema Mgaza. "Siku ile siwezi kuisahau."

Nikatafsiri neno moja tu la jibu lile, kwamba ana hakika kabisa. Kanali akaandika kitu kifupi, akafunga faili.

Nje, Mgaza alinishika mkono. Aliniuliza mbona maneno yake mengi yamekuwa mafupi vile upande wa pili. Nikamwambia Kiingereza ni lugha fupi. Alinitazama sana, kisha akaniacha.

Mchana nilikula na Bwana Hoza, Msambaa wa Kwashemshi, karani aliyekuwa akipiga taipu karatasi za bodi. Hoza alipenda kuongea akiwa anakula. Alianza kulalamika kwamba kazi hii inamchanganya, maana yule sajini wa Handeni, aliyewashinda wote uwanjani, ndiye wa kwanza kukatwa.

Nikamuuliza amekatwa kwa nini, huku nikijaribu kuifanya sauti iwe ya mtu asiyejali.

"Kwa uongo," akasema Hoza. "Karatasi zake za Bama zipo humo ndani ya faili. Zinasema alivuliwa tepe kwa kukataa kuvuka mto, halafu mkubwa wake wa baadaye akaandika kwamba alifanya sawa, akarudishiwa. Kanali alitaka tu kusikia kama atasema mwenyewe. Akaulizwa mara mbili, akakana mara mbili. Nimetoka kulipiga taipu sasa hivi: si mkweli, hafai."

Nikarudisha tonge sahanini. Nikamwambia Hoza tumbo limenichafuka, nikainuka.

Nilitembea mpaka stesheni, nikageuka, nikarudi, nikaenda tena. Vijana wangu, nataka mwelewe hofu ile, kwa sababu watu wakisimulia huwa wanairuka. Nilikuwa nimeapishwa. Mkalimani akipotosha kwa makusudi anaweza kufungwa. Nilikuwa na mke na watoto watatu Handeni, na baba yangu aliyejivunia mbele ya Sindeni nzima kwamba mwanawe ni kinywa cha serikali. Na jambo la kutisha zaidi ni kwamba nisingesema, hakuna ambaye angejua. Kanali hakujua Kiswahili. Mgaza hakujua Kiingereza. Hoza alijua kile tu alichopewa kuandika. Siri yote ilikuwa imekaa ndani ya kichwa kimoja, changu, na treni ya bodi ilikuwa inaondoka saa kumi. Nilichotakiwa kufanya ni kungoja muda wa saa tatu tu.

Nikajaribu kujipa sababu. Nikasema nitamweleza kapteni kesho kwa barua. Nikasema labda watamwita mwaka mwingine. Nikasema hata hivyo nilifanya kwa ajili yake. Kila sababu nilipoishika ilivunjika mkononi.

Niliporudi ghalani nilimkuta Mgaza amekaa juu ya kamba za katani, ametoa viatu, anapumzisha miguu. Nilitaka kumpita. Akaniita, akanisogezea nafasi. Nikakaa.

"Shemeji," akasema, "lile neno la mto sikuwahi kumwambia mtu. Hata dada yako hajui kwa nini nilivuliwa tepe. Leo nimelisema mbele ya mkubwa. Wakinikataa, basi wamemkataa mtu wanayemjua. Najisikia mwepesi."

Nadhani angenitukana ningeweza kukaa kimya. Angenishuku ningekana. Lakini alikuwa ametulia kama mtu aliyetua mzigo, na mimi nilijua kule ndani, kwenye karatasi, ameandikwa mwongo. Nikainuka. Nikaenda mpaka mlango wa kanali, nikagonga kabla akili haijanirudi.

Alikuwa anamenya chungwa. Nilisimama pale, Kiingereza chote kikanikimbia, mimi niliyejivunia Kiingereza. Nikaanza mara mbili. Mwishowe nikasema kwa sentensi fupi fupi kama mtoto wa darasa la nne: Sajini Mgaza alisema ndiyo. Mimi nikasema hapana. Alieleza habari yote ya mto. Mimi niliificha. Ni mume wa dada yangu. Niliogopa.

Kanali aliweka chungwa chini. Akaniuliza ni nani mwingine anayelijua jambo hili. Nikasema hakuna. Akauliza, basi kwa nini umekuja? Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, ila nimeshindwa kungoja treni iondoke. Alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, na muda ule wa kufuta vidole niliuona mrefu kuliko mwaka.

Kisha akamwita kapteni. Wakaongea kwa haraka. Nilidhani wataitwa polisi. Badala yake kanali akaamuru waombaji wote saba niliowatafsiria asubuhi ile warudishwe, wahojiwe upya, kapteni akitafsiri, na bodi isipande treni mpaka kesho yake. Mtu aliyebadilisha jibu moja, alisema, hawezi kuaminiwa kwa mengine. Nilitaka kusema kwamba yale mengine nilitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Nikaona aibu hata ya kujitetea. Nikaambiwa nikae benchi la nje.

Kutoka benchi lile niliwaona wanaingia mmoja mmoja na kutoka. Mgaza aliingia, na safari hii alikaa ndani kitambo. Alipotoka alikuwa ameshaambiwa nilichofanya. Alipita mbele yangu, akatazama mbele moja kwa moja, hakusimama.

Na kuna mmoja sitamsahau. Mwalimu kijana wa Upare, mpole, aliyejibu vizuri sana asubuhi, nami nilimtafsiri barabara. Kuitwa mara ya pili bila kuelezwa sababu kulimtia hofu, akadhani kuna kosa amefanya. Akababaika kwenye yale yale aliyoyajua. Mgaza alichaguliwa. Mwalimu yule hakuchaguliwa. Watu hunisifu kwa kugonga ule mlango, mimi namkumbuka yeye akishuka ngazi za ghala na kofia mkononi, anaangalia huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumweleza kosa lake. Nilikuwa hatua kumi tu. Sikunyanyuka.

Sikufungwa. Kanali aliandika barua kwa bwana DC, nami nikaondolewa kwenye ukalimani, nikapelekwa dirisha la vibali vya ng'ombe. Nilikaa pale miaka miwili nikigonga mhuri. Mzee Rajabu, aliyekuwa ameshastaafu, alikuja dirishani siku moja kuomba kibali cha fahali wake. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akanitazama nikiandika, akaniambia nimeandika rangi ya fahali vibaya, nirekebishe. Nikarekebisha. Akasema hiyo ndiyo kazi, akaenda zake. Baada ya miaka ile miwili bwana DC mpya alikosa mkalimani, akanirudisha. Kila nilipoulizwa tangu hapo kama namjua mtu aliye mbele yetu, na hata nisipoulizwa, nilisema.

Nimezunguka sana na swali lenu. Mnataka niwaambie wanatafuta nini. Mimi niliona watu warefu wakikataliwa na wafupi wakichukuliwa. Niliona wenye vyeti wakirudi nyumbani. Yule kapteni alinieleza kwamba mengine yote wanaweza kumfundisha mtu, ramani, bunduki, Kiingereza, hata sauti ya kutoa amri. Lakini mtu akiwa mbali na askari kumi na mmoja, na hakuna wa kumwona, ni lazima neno atakalolituma makao makuu liwe ndilo lililotokea. Kama si hivyo, wanaomtegemea watakufa kwa sababu ya karatasi safi isiyo na ukweli. Hilo ndilo kanali alikuwa akilitafuta kwenye faili lile, na Mgaza alikuwa nalo, na mimi nilisimama njiani nikalizuia lisifike, nikidhani namfadhili.

Mgaza alikwenda kwenye mafunzo, akarudi likizo na nyota begani. Sindeni ilimpokea kwa ngoma. Alisalimia nyumba kwa nyumba, akaruka ya baba yangu, nilimofikia. Likizo ya pili vivyo hivyo. Dada Zaina alikuwa katikati yetu, anatuma salamu kwangu ambazo nilijua mumewe hakuzituma. Hofu yangu ilikuwa imebadilika sura: mwanzo niliogopa jela, sasa niliogopa kukutana naye kwenye kijia cha kisimani.

Likizo ya tatu dada aliniita kwake, hakuniambia mumewe yupo. Nikaingia, nikamkuta ameketi mkekani na shati la kawaida. Nikampa shikamoo, ingawa shemeji huwa tunasalimiana kwa utani, maana sikuwa na uso wa utani. Akaitikia. Tukakaa. Nikamwomba msamaha, nikaanza kueleza vile nilivyoogopa asikatwe, vile nilivyomfikiria dada.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Uliogopa kwamba mimi, kama nilivyo, sitoshi."

Nikatikisa kichwa tu kukubali.

Dada akaingia na maji ya kunawa. Akamnawisha mumewe kwanza, kisha mimi. Akaweka sahani moja ya ugali na mlenda katikati yetu, akatoka. Mgaza akaisogeza sahani kidogo upande wangu, akakata tonge, nami nikakata.